Umbo, Ushahidi au Lengo: Kipimo Kipi Kitumike Unaposema Jambo Halina Mantiki

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akisafiri kwa miguu kutoka Rabai karibu na Mombasa kuelekea nchi ya Wachagga, aliona kilele cheupe mbele yake na akaandika kwamba ile ni theluji. Taarifa hiyo ilipochapishwa Ulaya mwaka uliofuata ilipata upinzani mkali, hasa kutoka kwa mwanajiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye aliisoma Afrika vitabuni na hakuamini hata kidogo kwamba mmisionari huyo ameona theluji. Hoja ya waliokataa, ukiipanga kwa utaratibu, inakuwa hivi: nchi zilizo karibu na ikweta ni za joto, penye joto theluji haikai, Mlima Kilimanjaro uko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo hauwezi kuwa na theluji. Mkazi wa Moshi anayefungua dirisha asubuhi isiyo na mawingu anaweza kucheka, lakini kabla hajacheka ajiulize kosa liko wapi hasa, kwa sababu hitimisho lile limetoka kwenye misingi yake, yaani kauli zilizolitangulia, bila hila yoyote.

Ukweli ni kwamba hoja ile ilikuwa na mantiki kwa kipimo kimoja, na kwa kipimo kingine haikuwa nayo. Hapo ndipo mabishano mengi ya nyumbani, kazini na vikaoni yanapokwama: mmoja anasema jambo lina mantiki, mwenzake anasema halina, na wote wawili wana haki kwa sababu kila mmoja ameshika kipimo chake. Mchuuzi wa Soko la Kilombero pale Arusha hapimi nyanya kwa mita wala hapimi kitenge kwa sado, na hakuna mteja anayemlaumu kwa kuwa na vipimo viwili; lakini linapokuja suala la hoja tunapenda kudhani kwamba kipimo ni kimoja tu. Ninavyoona mimi viko vitatu ambavyo mtu hana budi kuvitofautisha, yaani kipimo cha umbo la hoja, kipimo cha ushahidi na kipimo cha lengo. Ninavilinganisha hapa ili msomaji ajue achague kipi na wakati gani, na niseme mapema kwamba sivipi uzito sawa.

Umbo: hakika kubwa, uwanja mdogo

Kipimo cha umbo kinauliza swali moja: kama misingi yote ya hoja ingekuwa kweli, je, hitimisho lingeweza kuwa uongo? Ikiwa lisingeweza, hoja ni halali. Ikiwa lingeweza, hata kwa mfano mmoja wa kubuni, hoja imevunjika. Kipimo hiki hakijali hoja inahusu nini. Ukiambiwa kwamba kila tembo ana mabawa na kwamba Tarangire kuna tembo, ni halali kabisa kuhitimisha kwamba Tarangire kuna wanyama wenye mabawa, na anayekataa hitimisho hilo analazimika kukataa mmojawapo wa misingi, wala si hatua iliyotoka kwenye misingi kwenda kwenye hitimisho. Mgiriki Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, ndiye wa kwanza tunayemjua aliyekiandika kipimo hiki kwa utaratibu kamili; Ibn Sina (980–1037) akakichambua upya, na mwaka 1879 Mjerumani Gottlob Frege akakipa lugha ya alama ambayo ndiyo chimbuko la mantiki ya kihisabati inayofundishwa vyuoni leo.

Faida yake ni hakika ambayo hakuna kipimo kingine kinachoweza kuitoa. Hasara yake ni kwamba hakikuambii lolote kuhusu dunia ambalo hukuwa umeliweka ndani ya misingi yako. Hoja ya London ilikuwa halali kwa umbo; kilichokuwa kibovu ni msingi wa kwanza, na ubovu wake ungeweza kugunduliwa bila mtu kuja Afrika. Alexander von Humboldt alikuwa amekwisha kuupanda mlima Chimborazo wa Ekwado mwaka 1802, mlima ulio karibu zaidi na ikweta kuliko Kilimanjaro na wenye theluji juu yake. Kinachoamua si ikweta peke yake bali pia urefu: hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, kiko kama mita 5,000 juu ya mji wa Moshi, kwa hiyo siku ambayo mjini kuna nyuzi 25, kule juu hesabu inatoa kama saba au nane chini ya sifuri. Karl Klaus von der Decken alipofika mlimani mwaka 1861 na tena 1862 alithibitisha yale aliyoyasema Rebmann, ingawa Wachagga walioishi chini ya theluji hiyo kwa vizazi hawakuwa wakingoja uthibitisho wa mtu.

Basi kipimo cha umbo kinafaa wapi? Kinafaa pale ambapo misingi imekubaliwa na pande zote na kilichobaki ni kuona inatufunga kwa lipi. Sheria ndogo za kijiji, mkataba wa kupangisha, wosia, katiba ya kikundi cha kukopeshana: hayo ndiyo makazi yake. Chukua katiba ya kikundi yenye kifungu kinachosema kwamba mwanachama atakayekosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa atatozwa faini. Mama mmoja ametozwa faini kwa kuchelewesha marejesho, anasimama na kusema: "Mwenyekiti, mimi sijakosa kikao hata kimoja, kwa hiyo faini hainihusu." Kikundi kinaguna kwa kukubali, kwa kuwa maneno yake yanasikika vizuri. Lakini kifungu kimesema nini kitampata anayekosa vikao. Hakikusema kwamba faini haina sababu nyingine. Mweka hazina naye akijibu kwamba mama huyo ametozwa faini, kwa hiyo lazima alikosa vikao, atakuwa ameteleza katika kifungu kilekile akitokea upande wa pili. Makosa haya mawili ni ya zamani kama mantiki yenyewe, na kinachoyafanya yaishi ni kwamba hoja zilizovunjika hivi mara nyingi huishia kwenye hitimisho ambalo kwa bahati ni kweli.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alionyesha jinsi kipimo hiki kinavyotusumbua. Aliwawekea watu kadi nne, kila moja ikiwa na herufi upande mmoja na namba upande wa pili, na akawapa kanuni ya namna hii: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Mezani zinaonekana A, K, 4 na 7. Ni zipi lazima uzigeuze ili ujue kama kanuni imevunjwa? Wengi huchagua A na 4, ilhali jibu sahihi ni A na 7, kwa kuwa 4 haiwezi kuivunja kanuni hata ikiwa na herufi gani nyuma yake. Wanaopatia ni wachache sana, hata miongoni mwa wasomi wa vyuo vikuu.

Sasa rudi kwenye kikundi chetu. Kanuni inasema anayekopa zaidi ya mara tatu ya hisa zake lazima awe na wadhamini wawili, na mezani kuna madaftari manne: la aliyekopa kupita kiwango hicho, la aliyekopa kidogo, la mwenye wadhamini na la asiye na wadhamini. Mweka hazina ambaye hakupita shule yoyote ya mantiki atavuta daftari la kwanza na la nne, na mengine hatayagusa. Ni fumbo lilelile la kadi. Majaribio yaliyofanywa baada ya Wason, likiwemo lile la mwaka 1982 lililotumia kanuni ya umri wa kunywa pombe badala ya herufi na namba, yalionyesha kwamba kanuni ikihusu ruhusa na wajibu watu wengi hupatia. Kwa hiyo nakataa kauli kwamba wananchi wa kawaida hawana mantiki ya umbo. Wanayo pale kanuni inapowagusa mfukoni.

Kuna pia wanaokataa kuitumia kwa hiari yao, na hao wasihesabiwe kuwa wajinga. Mwanasaikolojia wa Urusi Alexander Luria alifanya utafiti miongoni mwa wakulima wa Uzbekistan mwaka 1931 na 1932, na mojawapo ya maswali yake lilikuwa hili: kaskazini ya mbali penye theluji dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Baadhi ya wakulima walimjibu kwamba hawajui, kwamba wao wamewahi kuona dubu mweusi tu, na kwamba aulizwe mtu aliyefika huko. Baadhi ya waliosimulia kisa hiki waliona upungufu wa akili. Mimi naona mgongano wa vipimo: Luria alikuwa ameshika umbo, mkulima alikuwa ameshika ushahidi, na kwa kipimo chake mkulima alijibu vizuri kuliko Cooley, kwani alikataa kusema asichokiona kwa kutegemea msingi alioletewa na mgeni.

Ushahidi, na gari linalochemsha

Tuhamie kwenye gereji moja ya mtaa wa Unga Limited jijini Arusha. Gari limeletwa likiwa limechemsha njiani, mwenye nalo ana haraka, na fundi anafuta mikono na kusema: "Bosi, gasketi ikiungua gari linachemsha. Hili linachemsha. Gasketi imeungua." Ukilipima neno hili kwa umbo, limevunjika papo hapo, kwa kuwa gari linaweza kuchemsha kwa sababu rejeta inavuja, feni haizunguki, pampu ya maji imekufa au mwenye gari amesahau kuongeza maji. Ni kosa lilelile la mweka hazina aliyesema kwamba aliyetozwa faini lazima alikosa vikao.

Hata hivyo, gereji haiwezi kuendeshwa kwa kipimo cha umbo peke yake, wala hospitali haiwezi, kwa sababu kazi yao ni kutoka kwenye dalili kurudi kwenye chanzo, na njia hiyo kamwe haina hakika ya umbo. Tofauti inayotuhusu si kati ya fundi huyu na mwanamantiki, bali ni kati yake na fundi mwenzake wa banda la pili. Huyu wa pili anaposikia kwamba gari limechemsha, anajiuliza kwanza ni mambo gani mengine yangeweza kuleta dalili hiyo. Anasubiri injini ipoe, anachomoa kijiti cha kupimia oili na kuangalia kama oili imeingiliwa na maji na kugeuka rangi ya maziwa. Anafungua mfuniko wa rejeta, anawasha injini na kutazama kama maji yanatoa mapovu mfululizo. Anapita nyuma kuona kama ekzosi inatoa moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto. Anaikagua feni, anapapasa mabomba ya maji, anatafuta unyevu chini ya rejeta. Akimaliza, huenda akasema maneno yaleyale ya mwenzake, kwamba gasketi imeungua, na umbo la hoja yake bado halimlazimishi mtu kukubali. Lakini sasa anayekataa kufungua injini ndiye anayedaiwa maelezo.

Hapo ndipo vipimo hivi viwili vinapoachana. Umbo hutoa majibu mawili tu, halali au si halali, na taarifa mpya haiwezi kuharibu hoja iliyokwisha kuwa halali. Ushahidi una ngazi: dhaifu, wa wastani, mzito, mzito mno; na taarifa moja mpya inaweza kuuporomosha, kama vile kugundua kwamba feni ilikuwa imekatika waya. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, katika maandiko aliyoanza kuyachapisha mwaka 1739, alionyesha kwamba hakuna hoja ya umbo inayoweza kuthibitisha kwamba yajayo yatafanana na yaliyopita, hata kama yamefanana mara elfu. Wapo wanaoichukua hoja hiyo kama sababu ya kutoamini chochote. Hume mwenyewe hakuishi hivyo, na hakuna mkulima wa Machame atakayeacha kupanda masika eti kwa sababu mvua ya mwaka huu haijathibitishwa kwa umbo.

Kwa gharama, umbo ni rahisi: unahitaji utulivu na labda karatasi. Ushahidi unadai muda, safari, vipimo na mara nyingi fedha, na bado unaweza kukupotosha ukiuchota mahali pabaya. Mgeni anayetaka kupanda Kilimanjaro kwa siku tano huonyeshwa picha za waliofika kileleni kwa siku tano, nao ni watu halisi na picha ni za kweli. Lakini walioishia njiani hawapigi picha penye kibao cha kilele, na mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyembamba. Ushahidi uliokusanywa kwa washindi tu hauna uzito hata ukiwa mwingi kiasi gani.

Erasto Mpemba na msingi uliofichika

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi hatari ya kuchagua kipimo kisichofaa ni cha Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka mahali pa kugandishia. Siku hiyo nafasi ilikuwa inaisha, akaamua kuyaweka yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyoingia yakiwa baridi. Alipouliza, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa mkoani Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyewatembelea, na Osborne akafanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: akalipeleka swali maabara. Makala yenye majina yao wawili ilitoka mwaka 1969 katika jarida la ufundishaji wa fizikia, wakati huo Mpemba akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, pale juu ya Moshi.

Hoja ya waliomcheka ilikuwa ya umbo, tena nzuri: maji ya moto hayana budi kupita kwenye joto ambalo maji baridi yamelianzia, na yakifika hapo yanakuwa kama yale yalivyokuwa mwanzoni, kwa hiyo yatachelewa daima. Ni vigumu kuona tundu. Tundu liko kwenye maneno "yanakuwa kama yale", kwa kuwa yanabeba msingi ambao hakuna aliyeutamka: kwamba vyombo viwili vyenye joto sawa havina tofauti nyingine yoyote. Maji yaliyokuwa ya moto yamepungua kwa mvuke, yamepoteza sehemu ya hewa iliyoyeyuka ndani yake, yana mizunguko tofauti, na chombo chake huenda kimeyeyusha barafu iliyokuwa chini yake na kukaa vizuri zaidi kwenye ubaridi. Sisemi kwamba Mpemba alishinda kesi. Majaribio ya baadaye yametoa majibu yanayopingana, na wanafizikia wanaendelea kubishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa masharti gani. Ninachosema ni kwamba kesi yenyewe ilikuwa ya ushahidi tangu siku ya kwanza, na waliotaka kuimaliza kwa umbo walikosea mlango.

Hapa niongeze jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu. Mara nyingi mtu anaposema "haina mantiki" hatumii kipimo chochote kati ya hivi. Anasema tu kwamba jambo hilo ni geni kwake au halipendi. Njia ya kumjua ni nyepesi. Mwulize ni msingi upi anaoukataa, au ni hatua ipi anayoona imerukwa, au ni ushahidi gani ungemfanya abadili mawazo. Asiye na jibu kwa yote matatu hana hoja ya kujibiwa.

Lengo: mzee na mibuni yake

Kipimo cha tatu hakipimi hoja bali hupima uamuzi. Swali lake ni hili: kwa lengo alilo nalo mtu huyu na kwa yale anayoyajua, je, njia aliyoichagua inampeleka anakotaka?

Kijana anayefanya kazi Arusha amepanda hadi nyumbani, kwenye kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo la Kichagga, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akiwa na daftari la hesabu.

"Baba, hii mibuni haina mantiki tena. Tukiing'oa tukapanda parachichi, tunapata mara mbili."

"Mara mbili ya nini, mwanangu?"

"Ya hela, baba."

"Na ni nani aliyekwambia kwamba ninachotafuta hapa ni hela mara mbili?"

Kijana ameleta kipimo kinachofaa, kwa kuwa uamuzi hupimwa kwa lengo, lakini ametumia lengo lake mwenyewe. Huenda mzee anataka kihamba kipokewe na wajukuu kikiwa kizima, chenye migomba, mibuni na miti ya kivuli pamoja, mahali walipozikwa wazazi wake. Huenda anataka fedha inayokuja kwa mkupuo baada ya mavuno, kuliko ile inayodondoka kidogokidogo na kuliwa. Kwa malengo hayo mibuni ina mantiki. Wanaowacheka Wachagga kwa gharama za kurudi nyumbani kila Desemba hufanya kosa la kijana huyu: wanahesabu nauli na mafuta kana kwamba lengo lilikuwa kusafiri.

Kipimo hiki, hata hivyo, kina udhaifu ambao viwili vya kwanza havina, nao ni ukarimu uliopita kiasi. Karibu kila upuuzi unaweza kutafutiwa lengo litakaloufanya uonekane wa maana. Ndiyo maana nashikilia sharti moja: lengo litajwe kabla ya matokeo kujulikana. Aliyenunua kiwanja kwa kutarajia faida, akaambulia hasara, kisha akasema alichotaka ni hewa safi, huyo ameshindwa kipimo. Mzee wetu naye hana kinga. Akisema leo kwamba anataka kahawa hiyohiyo ilipe karo ya wajukuu mwakani, na papo hapo hataki kukata matawi wala kupuliza dawa ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, lengo na njia vimegongana mbele ya macho ya kila mtu, na hapo mwanawe ana haki ya kusema haina mantiki.

Tena, wote wawili wamebeba msingi uliofichika, kama ule wa kesi ya Mpemba: wanaongea kana kwamba mibuni ni ile ya zamani tu. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, ambayo makao yake yako Lyamungu wilayani Hai, imetoa aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Ubishi wa kung'oa au kutong'oa ulikuwa na njia ya tatu tangu mwanzo, na hakuna umbo la hoja ambalo lingewaonyesha, ilihitajika taarifa.

Kuchagua

Penye maneno yaliyokwisha kukubaliwa na watu wanaofungwa nayo, chagua umbo na usikubali kuhamishwa. Mpangaji anayejadili mkataba na mwenye nyumba wa Njiro asipoteze muda kueleza desturi za wapangaji wengine. Asome kifungu, aulize kinamfunga nani kwa lipi, na aangalie kama neno "endapo" limegeuzwa likasomwa kama "endapo tu". Penye sababu, ugonjwa, hitilafu, utabiri au madai kwamba jambo fulani hutokea, chagua ushahidi, na umbo ulitumie kama kichujio cha mwanzo kwa kuwa halikugharimu kitu: hoja inayojipinga yenyewe haina haja ya kupelekwa maabara. Penye uamuzi wa mtu, anza na lengo lake, kisha urudi kwenye ushahidi ili uone kama njia aliyoishika inafika.

Ningelazimishwa kubaki na kimoja ningebaki na ushahidi, kwa sababu ndicho pekee kinachoweza kugundua msingi mbovu, na misingi mibovu huharibu mambo mengi kuliko hatua mbovu. Mwenzangu anayefanya kazi ya sheria hakubaliani nami; anasema asiyejua umbo atasainishwa mkataba wowote, na nakiri kwamba katika kazi yake ana sababu.

Ugumu mkubwa hubaki kwenye kesi zinazochanganya vipimo vyote, na mabishano ya kihamba ni mojawapo. Kijana wetu akienda kwenye kikao cha ukoo na daftari lake kama lilivyo, atajibiwa kwa malengo huku yeye akiongea ushahidi, na kikao kitavunjika kila mtu akimwona mwenzake hana akili. Afadhali amwombe baba yake aseme mbele ya wote anataka kihamba kifanye nini kwa miaka kumi ijayo, na kama ni karo, ni ya nani na inahitajika lini. Baada ya hapo ndipo afungue daftari, nalo liwe na safu ya tatu ya mibuni ya chotara, pamoja na hesabu ya maji ambayo mfongo wa hapo, yaani mfereji wa umwagiliaji, unaweza kuyaleta wakati wa kiangazi, kwa kuwa parachichi nalo linakunywa.